Shavu la Mosuke

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, sisi wapenzi wa Mosuke hukutana ghorofani kwa Hinako, mwenye mgahawa wa kahawa. Tunaangalia kanda mbili za wimbo mmoja, halafu tunagombana. Mosuke ni fisi maji wa kitambaa, mwanasesere wa kuvaliwa mkononi. Enzi zile alikuwa akiimba kwenye kipindi cha watoto cha televisheni yetu hapa Okayama, na waliolelewa naye sasa wana mvi, lakini ukiwapigia "Ewe Mto, Nisubiri" bado wanatafuta leso.

Mimi si mpenzi tu. Mosuke nilimshona mimi, kwa koti kuukuu la mama mkwe, na aliyemchezesha ni mume wangu, Eikichi. Sauti ilikuwa ya Chizuru Kanzaki. Huyo Chizuru yuko Kyoto mpaka leo, na kila mwaka mpya anamtumia mume wangu kadi iliyoandikwa kwa brashi, mwandiko unakata kiuno. Kadi yenye jina langu sijawahi kuiona.

Ubishi wetu ni huu. Kanda ya kwanza ni ya ukumbini. Mosuke anawatazama watoto tangu mwanzo hadi mwisho, macho mbele, kwa adabu zake. Ya pili ni ya studio. Humo, wimbo unapofika pale mto usipojibu, Mosuke anageuza uso taratibu upande wa kulia wa kioo cha televisheni, na anabaki hivyo hivyo mpaka mwisho, kama mtu aliyemwona ampendaye. Upande huo ndiko ilikokuwa maikrofoni. Na kwenye maikrofoni alisimama nani kama si Chizuru?

Miaka yote nimeipigania ya ukumbini. Nyumbani na kwa Hinako nilisema neno moja tu, kwamba sauti ya Chizuru pale ndiyo imetoka vizuri zaidi. Sauti yenyewe wala sikuwa nikiisikiliza. Nilikuwa natazama shingo ya fisi maji, na mkono wa mume wangu uliokuwa ndani yake.

Mwaka huu ubishi ulikuwa na meno. Maktaba ya mji inamweka Mosuke kwenye kabati la kioo, na pembeni yake kanda moja itachezwa kutwa, siku zote. Tulikuwa tunachagua kanda hiyo. Maktaba iko nyuma ya nyumba yangu, dirisha la jiko linatazama mlango wake. Nikajiapiza kwamba ile shingo haitageuka nyuma ya jiko langu.

Eikichi, ambaye hupenda kubaki nyumbani na magoti yake, safari hii alikuja, maana ndiye aliyembeba Mosuke kwenye boksi lake. Alikaa pembeni na kipande cha keki.

"Bi Nobuyo, una roho ya jiwe," akaanza Moriyasu, daktari wa meno mstaafu, kanda ya studio ilipokwisha. "Kiumbe anageuka vile na wewe hulii?"

"Nitalia siku utakaponing'oa jino."

"Anageuka kwa mapenzi yule," Hinako akadakia huku anamimina kahawa. "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki."

Wivu ukanipanda mpaka masikioni. Mwanamke mzima, na wajukuu wangu, nilitamani kumwaga ile kahawa sakafuni. "Basi mwulizeni mwenye mkono," nikasema. "Si huyo hapo anakula?"

Kumbe mimi mwenyewe sikuwahi kumwuliza. Niliogopa jibu.

"Mzee Eikichi," Moriyasu akamgeukia, "hebu tukate mzizi wa fitina. Mosuke alikuwa anamtazama nani?"

Eikichi akafuta mdomo. "Hakuwa anamtazama mtu. Shavu lilifumuka."

"Shavu gani?"

"La kushoto. Tuko hewani moja kwa moja, katikati ya wimbo, nikaona pamba inachungulia. Nikamgeuza ili kamera isione."

"Shavu hilo nililishona mimi," nikasema.

"Ndiyo," akasema, akarudi kwenye keki yake.

"Na ule uzi mweusi?" Maana wiki ile ile niliukuta, uzi mweusi kwenye manyoya ya kahawia, nikajua tayari kuna mwanamke anamshonea mume wangu. Niliumeza, na umenikaa kooni tangu siku hiyo.

"Nilishona mwenyewe, chooni pale studio. Nilijidunga vidole vyote."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Wewe? Ulikuwa umewaonyesha ule mshono mtaa mzima. Ningeanzia wapi, mke wangu?"

Nikamtoa Mosuke kwenye boksi, nikampapasa shavu. Mishono imepinda kama ya mtoto wa shule. Nilitaka kujizuia kwa sababu Moriyasu alikuwa ananitazama, lakini machozi yakatoka, na nikayaacha.

"Haya, tupige kura," akasema Hinako. "Ya studio?"

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu. Wengine wakafuata, Moriyasu akicheka kwa ushindi.

"Ya ukumbini?"

Ukanyooka mkono mmoja, una uma wa keki. Wa mume wangu.

"Mzee, unaikataa kazi yako mwenyewe?" Moriyasu akashangaa.

"Kazi yangu pale studio ilikuwa kuficha pamba," akasema Eikichi. "Kuimba, Chizuru aliimba ukumbini. Siku ile sauti yake..." Akafumba macho kidogo, na uso ukalegea kwa namna ambayo mimi nyumbani sijaiona. "Mwulizeni Nobuyo. Miaka yote ananiambia hivyo hivyo."

Wote wakanigeukia. Nikamlaza Mosuke kwenye boksi, nikamwomba Hinako airudishe kanda ya ukumbini. Safari hii sikutazama shingo. Niliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza mwanamke yule.

Alikuwa anaimba, jamani. Alikuwa anaimba.