Nyuzi Ndani ya Kola

Dobi aliacha shule mapema, na majina ya watu yalimpiga chenga. Kwa hiyo alimshonea kila mteja alama yake ndani ya kola: mafundo ya uzi, madogo kama punje za mtama. Mawili mekundu, muuza dawa. Moja jeupe na moja jeusi, nyumba ya Mama Pacha. Kwa miaka saba hakupoteza hata soksi. Wala hakuna aliyemuuliza, maana nani huchungulia ndani ya kola iliyopigwa pasi?

Kisha vita vikaja, na redio haikufunga mdomo. Asubuhi, mchana, jioni, sauti ileile nzito iliwaambia watu kwamba adui amejaa mitaani, anakula nao, anacheka nao, na anapeleka habari kwa ishara. Juzi ilitaja taa za madirishani. Jana ikataja nyuzi zilizofichwa kwenye nguo.

Leo asubuhi Mama Pacha akageuza kola ya mumewe.

Majirani walipoingia uani kwa dobi walikuwa kama ishirini. Aliyewaongoza ni muuza nyama, mkuu wa ulinzi wa mtaa, ambaye wote walimwita Bucha.

"Gari la jeshi liko njiani kukuchukua," alisema. "Sema mapema. Unamfanyia kazi nani?"

"Nawafulia nyinyi, kaka."

"Usinifanye mtoto! Haya mafundo ni ya nini?"

Dobi alitupa jicho langoni. Fundi wa redio alipandishwa gari hilohilo mwezi uliopita, na mkewe bado anazunguka kumuulizia.

Shangazi yake dobi akaweka pasi chini. "Bucha, maneno yako leo yananuka kuliko nyama yako ya juzi."

Mtu akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Nifungeni macho," dobi akasema, kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie. "Nifungeni macho, mnipe nguo yoyote."

Wakamfunga kwa mtandio. Vidole vyake vikapapasa kola ya kwanza.

"Muuza dawa. Kifungo cha pili nilikirudisha mimi."

"Kweli," muuza dawa akajibu.

"Hii ya Mama Pacha. Hii ya mwalimu mstaafu, anapenda kola ngumu." Ya nne aliipapasa sana. "Hii haina mwenyewe. Ni tambara langu la kufutia pasi. Nani kanitega?"

Sasa watu walicheka waziwazi.

"Amekariri tu!" Bucha akafoka.

"Basi inama, kaka, nipapase ya kwako."

Mkono wa Bucha ukakimbilia shingoni. Muuza dawa alimwahi, akaigeuza kola. Mafundo matatu ya bluu.

"Jamani! Mkuu wa majasusi tunaye hapa hapa!" muuza dawa akapaza sauti.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Bucha alikuwa bado anahangaika na kola yake honi ilipolia barabarani, na kicheko kikakatika. Dobi alifungua mtandio, akamwona Bucha akitoka nje polepole.

"Yuko wapi?" sauti ya askari iliuliza.

Hatua za Bucha zikasimama. Kisha Bucha akasema, "Tumekosea, afande. Ni alama za dobi. Hata mimi ninazo, tazama."

Askari akatukana kidogo, injini ikanguruma, gari likaenda zake.

Dobi aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akacheka huku machozi yanamtoka, na shangazi akampangusa kwa kanga yake mwenyewe. Watu waliondoka mmoja mmoja, wengine wakitazama chini.

Mama Pacha alibaki.

"Mdogo wangu, ile sauti ya redio ilivyosema, nilijiona najua kila kitu."

"Miaka saba, dada. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

Dobi aliinuka. Kulikuwa na shuka kubwa majini, na shuka kubwa haikamuliwi na mtu mmoja. Alishika ncha yake moja. Mama Pacha akakunja mikono ya gauni, akashika nyingine, wakaanza kusokota.