Saa Moja na Dakika Kumi na Nne

Mashine huchagua, lakini anayeamua ni mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu: picha ya kamera ya barabarani inaletwa kwenye skrini, dereva ana simu mkononi au hana, nabonyeza Kosa au nabonyeza Futa. Wapo wanaojikuna sikio, na juzi kuna mmoja alikuwa anakula ndizi. Hao nawafuta. Wenye simu siwaonei huruma hata chembe, na nyumbani wamechoka kunisikia nikiwasema.

Mchana ule ikaja picha ya gari la shule, dereva simu sikioni. Uso ulikuwa kivulini, ila koti la kahawia nililijua. Kifungo cha pili nilikishona mimi, kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha.

Baba.

Alishaandikiwa makosa mawili. La tatu, leseni inachukuliwa, na bila leseni baba yangu hana kazi. Utaratibu unasema ukimwona ndugu yako umwite msimamizi. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, anapita meza kwa meza. Sikumwita; nikatulia kama maji mtungini.

Ndipo nikaiona saa kwenye kona ya picha: 01:14. Usiku wa manane, na jua limejaa kwenye kioo. Kamera ilikuwa mpya. Fundi aliyeifunga jana, Mungu amsamehe, aliitegesha saa kama tunavyoitamka, basi saa moja asubuhi kwake ni 01.

"Kuna nini hapo?" Msimamizi aliinama begani kwangu.

"Saa imekosewa."

Akaangalia, akacheka. "Fundi huyu atatumaliza. Futa. Picha zote za kamera hiyo, futa."

Nikafuta. Sikudanganya hata neno, ila moja sikulisema.

Nikatoka kwenda koridoni na simu yangu, nina furaha na hasira kwa pamoja. Nilitaka kumpa vidonge vyake, baba au si baba. Nikapiga. Haikuita mara mbili.

"Sema, mwanangu."

Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba, na injini inapanda mlima. Nikatazama saa ya ukutani: saa nane na robo, wakati wa kuwarudisha watoto makwao. Nikakumbuka asubuhi, saa moja na dakika kumi na nne, nilipompigia nikiwa kituo cha basi kumuuliza kama aliziona funguo zangu mezani. Alinipokea hivi hivi, kwa sauti hii hii. Katika picha ile alikuwa anaongea na mimi.

"Mbona kimya? Kuna nini, mama?"

Nikakata. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya skrini.

Kabla sijashusha mkono, simu ikaita. Baba. Nikaiacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena, na kila ilipoita nilijua mkono wake mmoja uko wapi.