Tanzia ya Kilatini

"Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa seminari unatangaza kifo cha Mzee Kilatini, kilichotokea baada ya kuugua kwa karne kumi na tano. Marehemu ameacha mgane, Mwalimu Alexander Shigela. Rambirambi zitapokelewa Bweni B, sukari ikipewa kipaumbele."

Uongozi haukutangaza chochote. Niliandika mimi, nikaibandika kwenye mlango wa bwalo kwa ugali wa mchana, na kabla ya jioni mbuzi wa jikoni alikuwa ameshaila tanzia pamoja na gundi yake.

Lakini mgonjwa alikuwa mahututi kweli. Kilatini kilikuwa kinafutwa kwenye ratiba mwisho wa muhula, na pamoja nacho kazi ya Mwalimu Shigela na nyumba ya shule alimoishi na Mama Odeta na watoto. Mimi, badala ya kusikitika, nikaongeza utani wa pili. Jirani yetu wa nyumbani, mtaa wa Mirongo, Mzee Mbaruku, alikuwa akiviuzia kompyuta viwanda vya samaki vilivyokuwa vikichipuka ufukweni mwa ziwa tangu biashara ifunguliwe milango. Wakati wa likizo fupi nikamwambia tuna mwalimu anayesoma lugha ambayo hata wenyewe walishakufa. "Programu zako zitamshinda nini?"

Nilitaka kucheka tu. Mzee Mbaruku hakucheka. Alikuwa anatafuta mtu wa kuajiri.

Jumamosi gari lake likaingia seminari. Mwalimu alimsikiliza, akavaa koti, akaniita.

"Ndalahwa, wewe unayependa matangazo, njoo ubebe karatasi."

Kiwandani, sangara wakubwa kama watoto wa darasa la tatu walikuwa wamelala juu ya barafu inayoyeyuka. Kompyuta ya kupimia na kuchapa lebo ilikuwa imeganda tangu asubuhi. Bila lebo, lori haliendi uwanja wa ndege. Aliyeitunga programu alishahama nchi.

"Gusa hata kitufe kimoja, baba," alisihi Mama Suzana, msimamizi. "Samaki hawajui kusubiri."

"Bado sijasoma."

Mwalimu akaitandaza programu iliyochapwa sakafuni, karatasi ndefu zilizoungana, kutoka mlangoni hadi chini ya meza ya minofu. Akavua viatu, akapiga magoti. Nikabana kicheko, maana ndivyo alivyotutesa darasani: hakuna kutafsiri hata neno moja kabla ya kufika nukta ya mwisho. Kwanza ujue nani anamfanyia nani nini.

Akatambaa na penseli, akinong'ona. "Huyu anaamuru. Huyu anatii. Huyu je, anamjibu nani?" Wapakiaji wakaanza kukonyezana. Mzee Mbaruku akaniangalia mimi, mimi nikawaangalia sangara. Kicheko kilikuwa kimeniisha. Mtu huyu akiondoka hapa mikono mitupu, nitakuwa nimemzika mimi, tena bila ugali.

Penseli ikasimama.

"Hapa kuna mtumishi anayengoja. Anamwita wa kwanza, anaitikiwa. Anamwita wa pili, anaitikiwa. Wa tatu yuko kimya, naye ni mtiifu, habanduki mpaka aitikiwe."

Mama Suzana akajishika mdomo. "Mizani ya tatu! Jana tumeipeleka kwa fundi."

Mwalimu akakata mstari mmoja kwa penseli. Mzee Mbaruku akaufuta kwenye kompyuta. Printa ikalia, na lebo zikaanza kumwagika.

Wapakiaji walipiga vigelegele. Mimi nywele zilinisimama. Mtu tusiyemjua, aliye mbali tusikokujua, aliacha mawazo yake kwenye karatasi, na mtu mwingine, peku juu ya saruji yenye magamba, alikuwa amemsikia. Darasani Mwalimu alituambia kila siku kwamba Warumi wanaongea nasi. Tulikuwa tukimwigiza bwenini.

"Kazi ni yako," alisema Mzee Mbaruku. "Kuanzia hapa hadi Musoma, viwanda vyote."

Mwalimu alilitazama ziwa kupitia mlango wa kupakilia. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimepiga magoti juu ya karatasi, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza.

"Ndalahwa, unafanya nini hapo?"

Uongo wote niliokuwa nao ulinikimbia.

"Nasoma, Mwalimu. Na ile tanzia niliandika mimi."

"Najua. Ila uliyemtangaza, ulimwona amekufa?"

"Hapana, Mwalimu," nikakiri, kidole kikiwa palepale kisije kikapotea. "Anapumua."