Anayekata Watu Wakienda Kula

Tepu alikuwa akisubiri watu waende kula ndipo akate. Kama hiyo ni siri, basi ilikuwa siri ya kitoto, maana karakana nzima ya ushonaji ilishajua kwamba meza ya kukatia inalala asubuhi nzima na kuamka mchana. Ila sababu hakuna aliyeijua. Profesa, fundi wa cherehani ya dirishani, ambaye cheo hicho alijipa mwenyewe, alisema kwa sauti kwamba wakubwa siku hizi hawapendi kutazamwa.

Anaringa, eti! Mwenzao alikuwa amekalia kuti kavu, au ndivyo alivyojiona. Kwa miaka alikuwa mshonaji kama wao, tena mshonaji wa kutajwa, tepu ya kupimia haimtoki shingoni, ndipo jina likamganda. Kisha Fundi Mkuu, mkataji aliyemfundisha, akastaafu kwa sababu ya macho. Shangazi, mwenye karakana, ambaye wote walimwita hivyo lakini kwa Tepu alikuwa shangazi kweli, dada wa baba yake tumbo moja, akamkabidhi mkasi mkubwa mbele ya watu. Makofi yakapigwa. Tepu akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na huku moyoni anasema: nimepewa kwa ajili ya damu, siku moja nitaharibu kitambaa cha watu, na hapo wote watajua.

Na hofu yake ilikuwa na mashiko, tusimwonee. Ukikosea kushona, unafumua. Ukikosea kukata, umekosea.

Sasa ikaja mahameli. Kwaya moja ilitaka majoho ya zambarau kwa tamasha lao la Jumamosi, na lile jora lilikuwa la mwisho dukani. Mahameli ina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja, kama ya paka. Kipande kimoja kikikatwa kichwa chini, mtu anavaa joho lenye kifua cha rangi hii na mkono wa rangi ile. Shangazi alitaka vipande viwe kwenye cherehani jioni hiyohiyo. Tepu akatandika kitambaa, akapanga karatasi za mkato, akachora kwa chaki, akapima, akapima tena, akangoja saa ya kula.

Saa ya kula ikafika na mvua yake. Mvua ya kumwagika kwa ndoo! Hakuna aliyetoka. Wakafungua vyakula vyao palepale, cherehani kimya, macho yote mezani.

"Leo tunaona ufundi kwa macho yetu," Profesa akasema, shavu limejaa.

Tepu akaushika mkasi. Akauweka chini. Akaushika tena, na safari hii alipouweka chini alijua hawezi kuushika bila kusema.

"Jamani, naogopa."

"Unaogopa nini, radi?" akauliza Mama Vifungo, aliyeketi karibu na mlango na kopo lake la vifungo.

"Naogopa hii meza. Kila siku nakata mkiwa hampo ili msione mikono yangu inavyotetemeka. Najiona nimekalia kiti cha mtu, na mwenyewe yuko njiani anarudi. Kazi nimepewa kwa undugu, nanyi mnajua, basi tu mnanistahi."

Alikuwa ameshajiandaa kwa kicheko. Hakikuja. Profesa akameza, akajifuta mdomo.

"Kwangu mimi ni zipu," akasema.

"Zipu imefanya nini?" Tepu akauliza.

"Zipu za kuficha! Nimezishona mpaka nimeota mvi, na kila nikianza moja nasema leo ndiyo leo, leo wananigundua. Mnadhani ule mluzi ninaopiga ni wa furaha? Najipa moyo!"

"Na huo uprofesa?" Mama Vifungo akamchokoza.

"Si ndiyo dawa yenyewe!"

Hapo ndipo walipocheka, na Tepu akacheka nao mpaka machozi. Mama Vifungo akainuka. "Haya, ngoja nikunyooshee kitambaa." Akapitisha kiganja juu ya mahameli, taratibu, mara kiganja kikasimama.

"Tepu mwanangu. Huu mkono wa kushoto wa joho, manyoya yake yanalala wapi?"

Lo! Karatasi ya mkono wa kushoto ilikuwa kichwa chini. Wote waliona. Shangazi alikuwa ametoka ofisini na kikombe cha chai, yote ameyasikia, na Tepu akamwelekezea mkasi, mpini mbele.

"Chukua, Shangazi. Nirudishe kwenye cherehani. Si nilisema?"

Shangazi hakuupokea. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Fundi Mkuu alipokuwa akikata mahameli, mimi nilikuwa nasimama wapi?"

"Hapo mwisho wa meza. Unamsimamia."

"Nimsimamie nini, mimi najua kukata? Ni yeye aliyekuwa akiniita! Ananiambia: Dada, njoo pitisha mkono, mimi mwenyewe sijiamini. Tangu macho yake yakiwa mazima. Mara nyingi tu nimemkuta kageuza kipande, nikamwambia, akakirudisha, akakata. Nani aliwahi kusema yule si fundi?"

Shangazi akapuliza chai yake.

"Na hilo la undugu, koma! Kaka yako aliomba kazi hapa, nikamrudishia getini."

"Nilikuwepo," akasema Mama Vifungo. "Aliondoka amenuna."

"Sasa mbona hukuniambia?" Tepu akauliza.

"Mbona hukuniita?" Kisha Shangazi akakiangalia kikombe chake, na sauti ikashuka. "Niliona unakata peke yako, watu hawapo. Nikasema huyu kamzidi hata mwalimu wake, hanihitaji. Nimekaa mle ofisini naumia roho, najiona mzee asiye na kazi kwenye karakana yake mwenyewe."

Tepu alimtazama. Kumbe muda wote ule, ukuta mmoja katikati, kila mtu na lake! Alitamani kumkumbatia, ila kulikuwa na chai, na kulikuwa na kazi. Akaigeuza karatasi ya mkono wa kushoto, akaibana kwa pini, akafuta chaki ya zamani, akachora upya.

"Shangazi, simama hapo. Pitisha mkono."

Shangazi akaweka kikombe mbali, akapitisha mkono kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho.

"Yanalala sawa?"

"Yanalala sawa."

Tepu akaushika mkasi. Mikono bado ilimtetemeka, kila mtu aliona, na mkasi ukaingia kwenye mahameli, ukafuata mstari wa chaki kama ulivyochorwa. Wakasogea. Profesa na sahani yake, Mama Vifungo na kopo lake, shingo zimerefuka juu ya meza.

"Sogeeni huko," Tepu akasema bila kuinua kichwa. "Mnanizibia mwanga."