Nyumba Sifuri

Mama Mizani alijipalia makaa mwenyewe, asitafutwe mchawi. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara ya afya ya mazingira pale chuo kikuu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima uzito wa vumbi. Naam, vumbi. Mashine ndogo ilipelekwa majumbani mwa watu, ikavuta hewa mchana kutwa kupitia chujio jeupe, kisha chujio likarudi kwake akaliweka juu ya mizani. Mizani yenyewe ilikuwa na chumba chake peke yake na deko kuliko bibi harusi. Ukikohoa, inahesabu. Ukicheka mlangoni, inahesabu. Siku za kupima hakuna aliyeruhusiwa kupaka mafuta ya nywele, na Profesa, mkuu wao, alitoa maagizo kwa mikono tu, kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma.

Sasa, utafiti wao ulihitaji nyumba moja safi ya kulinganishia nyingine zote. Mwenye akili zake angenyamaza. Yeye akanyoosha mkono mkutanoni, akasema nyumba ya mama yake haina vumbi, maana mama yake hufuta hata balbu. Wakaenda, wakapima, wakatoka midomo wazi. Nyumba ikabatizwa Nyumba Sifuri. Tangu siku hiyo, kila nyumba mjini ikipimwa, kwenye uzito wake lilitolewa kwanza lile vumbi kidogo la Nyumba Sifuri, na kilichobaki ndicho kilichoandikwa. Sheria ikawekwa, na aliyeitunga ni Mama Mizani huyohuyo: mle ndani pasibadilike kitu. Kisihamishwe kiti, asiingie mgeni, wala mnyama, wala mtoto.

Wakati huo hakuwa na mtoto.

Mama yake, mjane aliyeishi peke yake, aliupokea wadhifa huo kama amekabidhiwa funguo za benki. Maabara wakamwita Bi Sifuri, naye akaitika. Alikataa mapazia mapya. Kaka yake wa tumbo moja alipokuja kumjulia hali, aliongea naye dirishani na chai akampa dirishani. Majirani walipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba mji mzima unapimwa kwake, hivyo wasimletee mchezo. Walidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Kisha Mama Mizani akajifungua binti. Na mtoto mchanga, kwa macho ya maabara, ni kiwanda: poda, mablanketi, nepi zinazoanikwa, na wageni wanaokuja kumwona na viatu vyao. Akamwomba Profesa ruhusa ya kumpeleka kwa bibi yake. Profesa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa msomi, na msomi akishika jambo, haachii mpaka umkate vidole. Akamsihi asubiri mvua ziishe. Mvua zikaisha, akamsihi asubiri ripoti ikubaliwe. Ripoti ikakubaliwa, wafadhili wakaipenda, wakaongeza muda wa utafiti. Mama Mizani akaenda kumlilia mama yake, akidhani huko angalau kuna uchungu wa mwana. Bi Sifuri alimwambia kwa upole kwamba ametoa neno lake, na mtu mzima hali matapishi yake.

Basi mtoto akamjua bibi yake kupitia kioo cha dirisha. Alijifunza kubusu kioo kabla hajajifunza kutambaa. Nyumbani, kila mwanamama wa makamo alipotokea kwenye televisheni kusoma habari, mtoto alikwenda kumbusu akimwita bibi. Baba yake alicheka. Mama Mizani hakucheka. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mama yake ampakate huyu mtoto kabla hajapita umri wa kupakatwa. Na kila wiki aliona umri huo unakimbia.

Asubuhi moja Bwana Takwimu, aliyekuwa akipiga mahesabu ya maabara, aliingia ofisini uso umemshuka. Nyumba ya fundi seremala, alisema, ina vumbi pungufu kuliko hakuna. Wakamwambia arudie hesabu. Akarudia. Sasa na nyumba ya mwenye mashine ya kusaga ilikuwa hivyo hivyo, na ile iliyotazamana na kiwanda cha saruji ndiyo ilikuwa safi kuliko zote.

Ungedhani watu wenye shahada zao wangecheka. Thubutu! Waliitisha kikao. Profesa aliwaza kwa sauti kwamba huenda unga wa mbao unakula vumbi, akaanza kutafuta kichwa cha makala. Bwana Takwimu aliuliza kama sasa wawashauri wagonjwa wa pumu wahamie jirani na kiwanda cha saruji, na swali likajadiliwa, tena kwa heshima zote, mpaka chai ikapoa. Mama Mizani aliziangalia namba. Nyumba zote zilikuwa vilevile. Iliyobadilika ilikuwa moja.

"Sifuri imepanda," alisema.

Kikao kikawa matanga. Profesa alikaa kitako taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kazi yao yote iliegemea nyumba ile, na mikataba yao pia.

Mama Mizani alilichukua chujio la Nyumba Sifuri akaliweka chini ya hadubini. Aliona nyuzi nyembamba zinazong'aa, akazitambua papo hapo: sufi, ile ya kujazia mito. Lakini mto wa mama yake ulikuwa wa sponji, wote walijua. Ikabidi waende kukagua. Profesa na Bwana Takwimu walivaa ovaroli nyeupe, kofia za nailoni na soksi za plastiki juu ya viatu. Mlezi wa mtoto hakuwa ametokea siku hiyo, kwa hiyo Mama Mizani alikwenda na binti yake kiunoni, wangoje nje dirishani kama kawaida yao.

Hawakubisha hodi. Walichungulia kwanza, na walichokiona kiliwagandisha pale pale.

Bi Sifuri alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ubavuni mwa mashine, amelaza mto begani. Mto ulikuwa umevishwa kofia ya kitoto. Alikuwa akiupigapiga mgongo taratibu huku akiuimbia usinzie, na kila akipiga, kivumbi cha sufi kilifumka kwenye mshono, na mashine ikakivuta chote.

"Ni mto," alisema Bwana Takwimu, aliyezoea kuanza na lile lenye uhakika.

Wanaume wakaingia. Profesa alimwamkia, kisha akauliza kwa adabu huo mto umetoka wapi. Bi Sifuri aliomba radhi. Alisema aliushona mjukuu wake alipozaliwa, na kila mwezi huufumua akaongeza sufi, mpaka mwezi huu mshono umeanza kuachia. Profesa, ambaye hata hapo aliuliza la kitafiti, akataka kujua kwa nini anaongeza.

"Mtoto si anakua, baba? Sikutaka siku mtakayoniruhusu, mikono yangu iwe bado inangoja kichanga."

Akageukia dirisha, akamtazama binti yake kupitia kioo.

"Mwanangu, wewe ndiye mpimaji. Amefika uzito gani sasa? Mimi nakisia tu."

Mama Mizani aliujua uzito huo, ila hakupata nafasi ya kuutaja. Mle ndani Profesa alikuwa amepata ufumbuzi, na alikuwa na nia njema, maskini: mto uvishwe nailoni, sufi isitoke, na utafiti uendelee bila kumnyima bibi faraja yake. Bi Sifuri aliwaza kidogo, akasema nailoni itampigia kelele sikioni lakini atazoea.

Hapo ndipo Mama Mizani alipoiona sheria yake ilivyo. Mama yake alikuwa tayari kuzoea nailoni. Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Akazunguka mlangoni, akaingia na viatu vyake vya barabarani na mtoto wake mwenye biskuti mkononi, akampokonya mama yake ule mto, akamtupia Profesa kifuani.

"Mpime mwenyewe, mama," alisema, akampakatisha mtoto.

Mtoto alimkodolea macho yule bibi. Akanyoosha mkono kutafuta kioo, akakikosa, akamgusa pua. Pua ilikuwa ya moto na yenye unyevu. Akaangua kilio cha kuitisha mtaa. Mama Mizani akakimbilia kumchukua, lakini Bi Sifuri alimgeuzia mgongo, ameinama kwa uzito, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mwache alie," alisema. "Miezi yote hii nimebembeleza mto usiolia. Sikujua ana sauti kubwa hivi."