Bukini Anayehema Domo Wazi

Mama Bukini alikuwa ameshavuka geti la hoteli, tenga kichwani, ndani yake bata bukini akihema domo wazi kama aliyekimbizwa, meneja alipomfuata mbio.

"Wewe mama! Wakiuliza dawa huko maabara, sema hatujampa kitu. Unanisikia?"

"Nakusikia, bosi."

"Ukiniponza, usirudi."

Ndege wa bwawani walikuwa wakifa mmoja mmoja. Meneja, badala ya kuita daktari, akawakorogea vidonge vya dukani kwenye maji ya kunywa, na ofisi ya mifugo ilishamwonya kwa mchezo huo, sasa ikataka ndege mmoja apelekwe maabara. Mama Bukini alikuwa na ile kazi tu ya kuwatunza ndege hao, na mama mzazi asiyeinuka kitandani.

Huko maabara daktari wa mifugo, binti mwenye buti za mpira, alimsikiliza ndege kifuani.

"Mama, mmeshampa dawa?"

Mama Bukini akajifanya anaweka tenga sawa.

"Nauliza kwa sababu dawa huwaficha bakteria. Nitaotesha sampuli, nisione kitu, nikuambie hawapo. Nitakudanganya bila kujua."

"Bosi kasema niseme hatujampa."

Binti akacheka. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumempa, mwanangu. Na wanazidi kufa."

"Basi huyu haponi. Tumuue, tumpasue, tuwaokoe wenzake."

Lisilo budi hutendwa. Mama Bukini akamshika mabawa mwenyewe. Alipopasuliwa, vifuko vya hewa vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, kama mkate uliosahaulika kabatini.

"Hii ni kuvu. Bakteria nitawatafuta vilevile, lakini vidonge vyenu kuvu haiviogopi hata kidogo. Bandani mnatandika nini?"

"Nyasi kavu. Ila kila asubuhi nazimwagia maji. Amri ya bosi, vumbi lisiruke mezani kwa wageni."

"Ala! Mnawalaza kwenye ukungu wenyewe!"

Mama Bukini alirudi hotelini, akamweleza meneja yote, hata kwamba alikiri kuhusu dawa. Meneja akauliza jambo moja tu: "Nani alikuwa anamwagia maji?"

Kabla ya kuvua sare kwa mara ya mwisho, Mama Bukini alizifagia nyasi zote nje, akazichoma mbele ya wageni waliokuwa wakila. Moshi ukawafikia. Hakuomba radhi.

Bukini waliokwisha kuanza kuhema walikufa, wengine wakapona. Meneja alipandishwa cheo kwa kuudhibiti ugonjwa. Binti wa maabara alihamishwa, haikusemwa kwa nini. Yule mama mzazi wa kitandani alifariki kabla ya mvua. Mama Bukini anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni mtaa wa pili, na huko wanamwita "wewe wa sabuni".