Picha Isiwe na Mtu

Ijumaa saa nne asubuhi Wangechi alisimamisha kamera ng'ambo ya barabara, akawaomba mafundi wa cherehani watoe nguo walizotundika kwenye veranda ya Jumba la Wakulima, nje kidogo ya Bondeni, akapiga picha kumi na mbili. Fomu ya ofisi ya majengo ya kale ilikuwa na masharti saba, na la nne lilisema picha isiwe na mtu. Ilitakiwa ofisini kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, jumba halingeingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na Jumatatu lingebomolewa. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa kando, dereva amelala ndani. Njoki, mamake Wangechi, alikuwa ameshona kwenye veranda hiyo miaka ishirini na miwili na hakuwa na pengine pa kwenda.

Alipoziangalia picha, wanaume tisa walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, nyundo na tindo mikononi, miguu mitupu, wametulia kama watu wanaongoja kuitwa majina. Walikuwa kwenye zote kumi na mbili.

"Mami, kuna watu kwa picha."

Njoki alivaa miwani, akachungulia. "Ni wale wa mawe. Huyu wa tatu ni guka yangu, Mathenge. Si unaona kidevu?" Akarudi kwa zipu aliyokuwa akibadilisha.

Kidevu cha babu huyo kilikuwa kile kile cha Njoki, na cha Wangechi mwenyewe. Nani Bondeni hakujua waliochonga mawe yale? Kila jiwe lilikuwa na alama ya fundi wake, na ya Mathenge ilikuwa mikato mitatu. Ila kibao cha shaba juu ya mlango kilisema jumba lilijengwa na Kapteni Wexcombe, 1926. Huyo Kapteni, wazee walisema, hakuwahi kushika hata mwiko. Lakini shaba ni shaba, utabishana nayo vipi?

Ofisini, karani Joash aliikagua picha kwa makini. "Madam, hii iko na watu."

"Walikufa zamani."

"Pole sana. Lakini fomu haichagui walio hai na waliokufa. Imesema mtu."

"Basi andika majina yao hapo kwa mjenzi."

"Hapo pameshajazwa. Tulitoa kwa kibao." Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio uliomuudhi Wangechi zaidi.

Aliingia saiba ya karibu, akaifungua picha kwenye kompyuta, akamfuta mtu wa kwanza kushoto. Simu ikalia papo hapo.

"Wangechi, kuna mawe yametoka huku kwa ukuta," Njoki alisema. "Yanapita arobaini. Unafanya nini huko?"

Wangechi alimrudisha yule mtu mahali pake. Njoki akasema sawa, ukuta umejaa tena, akakata simu.

Saa nane alikuwa amerudi kwenye jumba. Njoki hakuinua macho kwenye cherehani. "Uliwaomba, ama uliwafuta tu kama doa? Watu wazima huombwa."

Kwa kuwa wale wanaume walionekana kwenye kioo cha kamera tu, Wangechi alisimama nyuma ya kamera, akawaamkua mmoja mmoja, akawaomba wasonge kando dakika moja tu, ni ya picha.

Mathenge alifikiria kidogo. "Kwa hiyo karatasi, sisi tumeandikwa?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Wangechi aliumeza. "Hapana, guka. Ameandikwa Kapteni."

"Haya. Mwenye jina abaki na jina lake. Sisi tutatoka na vyetu."

"Guka, ngojeni kwanza," Wangechi alisema, lakini wengine walikuwa wameshapanda juu ya paa.

"Wacha," Njoki alisema. "Ni mawe yao."

Mafundi wa cherehani walitoa mashini zao barabarani. Mabati yalishuka kwanza, yakalazwa vizuri, kisha mawe, safu kwa safu, bila vumbi, kila mchongaji akitafuta yenye alama yake na kuondoka nayo. Dereva wa tingatinga aliamka, akatazama, akaagiza chai. Kufikia saa tisa u nusu palikuwa pamebaki mlango umesimama peke yake na kibao juu yake. Wangechi alilia. Akapiga picha huku analia, maana saa ilikuwa inaenda.

Joash aliikuza ile picha, akatafuta mtu kila pembe, akakosa. "Sasa hii ndiyo safi," akasema, akagonga muhuri. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Tangu siku hiyo Jumba la Wakulima linalindwa na sheria. Tingatinga liliondoka Jumatatu. Pamezungushwa ua wa waya, na tangazo linasema ni marufuku kukanyaga au kufanya biashara ndani. Njoki hushona ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, ameketi juu ya jiwe lenye mikato mitatu alilolikuta hapo Jumamosi asubuhi. Wageni huja kupiga picha ya mlango. Wakimuuliza nani alijenga, huwatajia wote tisa, polepole, akianza na Mathenge. Wao humsikiliza vizuri na kumshukuru, kisha huvuta kamera karibu ili kibao kisomeke.